Maktaba iko wazi kwa wote, mbona wanaoingia ni wale wale?

mkutubi_wa_mkongeni ameandika:

Habari za jioni wanajukwaa.

Mimi ni mkutubi, nimesomea Bagamoyo, na sasa nasimamia maktaba ndogo ya jamii kwenye mji mmoja mkoani Tanga. Jengo letu zamani lilikuwa ghala la chama cha ushirika: kuta nene, madirisha marefu upande wa magharibi, ngazi tatu za saruji mbele. Vitabu tunavyo, vingi ni vya msaada. Kadi ni bure kwa watoto, na mtu mzima analipa hela ya soda kwa mwaka. Juu ya mlango kuna kibao cha KARIBUNI WOTE, rangi imeanza kubanduka lakini kinasomeka.

Njoo saa tisa alasiri utakuta viti vimejaa. Tazama waliokaa: vijana wa kidato cha nne na cha sita, wengi wa kiume, kila mmoja na madaftari yake na mitihani ya nyuma aliyoitoa kopi. Vitabu vyetu hawavigusi. Wamefuata kiti, meza, feni na utulivu. Sina ugomvi nao hata kidogo, bila wao jengo hili lingeshageuzwa ukumbi wa harusi. Ila mji huu una watu wengine. Kuna Wabondei, Wasambaa, Wadigo na Wazigua, wenyeji wa mkoa. Kuna familia ambazo babu zao waliletwa manamba kukata mkonge, kutoka Kigoma, Burundi na Msumbiji, wakazeekea hapa hapa. Kuna kina mama wa mitumba, bodaboda wa kona ya benki, wazee wa bao, na shule ya msingi yenye kitengo cha wanafunzi viziwi. Katika daftari la wageni watu hao hawaonekani.

Majuzi nilimwachia msaidizi kaunta, nikatoka nikakaa chini ya mwarobaini ng'ambo ya barabara, niutazame mlango wangu kama mpita njia. Alikuja mama mmoja, mtoto mgongoni, ndoo mkononi. Akasimama ngazi ya chini akasoma ubao wetu wa matangazo kwa utulivu kabisa, midomo ikichezacheza: USIONGEE. USILE. MABEGI YABAKI NJE. VUA KOFIA. ANDIKA JINA KABLA YA KUINGIA. Akaitazama ndoo yake, akaenda zake. Baadaye akaja bwana mmoja na baiskeli yake ya matairi matatu, ile ya kukanyaga kwa mikono. Hakuhangaika hata kutazama ngazi. Alipiga kengele, mlinzi akaingia ndani akamtolea gazeti, akalisoma juani mpaka ukurasa wa michezo, akalirudisha likiwa limekunjwa vizuri. Nilipomuuliza mlinzi akasema, "Huyo? Huyo ni wa kila Jumamosi." Yaani tuna msomaji wa kudumu ambaye hayumo kwenye takwimu zangu kwa sababu daftari liko juu ya ngazi.

Chuoni tulikaririshwa Ilani ya IFLA (shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba) na UNESCO ya maktaba za umma, ile ya 1994, na mwaka 2022 wakaihuisha: huduma kwa usawa kwa kila mtu, bila kujali umri, kabila, jinsia, dini, uraia, lugha wala hali ya maisha. Sawa. Haikutuambia mlinzi aseme nini mtu akifika na ndoo ya samaki.

Naomba michango, na zaidi kutoka kwenu ambao huwa hamuingii maktaba. Mnaishia wapi? Kwenye ngazi, mlangoni, kaunta, au hata kona hamkati? Bajeti yangu ya matengenezo ni laki nane kwa mwaka mzima, kwa hiyo msiniambie habari za lifti.

---

pcb_mpaka_kieleweke amejibu:

Shikamoo dada mkutubi. Mimi ni hao hao unaowasema, ila mkoa mwingine. Naomba nitetee viti.

Nyumbani tuko saba, chumba na sebule, televisheni inazimwa saa sita usiku. Shuleni prepo ni ya wa bweni tu. Maktaba ndiyo sehemu pekee ambapo hakuna mtu wa kunituma dukani. Mkileta chekechea na kina mama na stori zao, sisi tutaenda wapi? Nchi hii kila mahali ni spika: daladala, baa, mahubiri, kipaimara, matangazo ya dawa ya panya. Tuachieni hiki kimya kimoja.

---

mkutubi_wa_mkongeni:

Marahaba mdogo wangu. Kiti chako hakichukuliwi na mtu. Lakini fikiria: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba wewe uko darasani, na ukumbi wangu mzima feni inapepea vumbi. Naanza kuona kwamba hapa tatizo ni ratiba kuliko nafasi.

---

mitumba_grade_one amejibu:

Mimi nauza nguo soko la mji mwingine, maktaba iko nyuma ya kibanda changu kabisa. Unataka kujua naishia wapi? Kwenye daftari lako.

Niliwahi kuingia. Pale mezani kuna daftari kubwa limepigwa mistari: JINA, TAREHE, SHULE/CHUO/OFISI, KIWANGO CHA ELIMU, SAHIHI. Nyuma yangu kuna foleni ya wanafunzi wanasubiri kalamu. Shule niandike nini? Niandike "mitumba"? Na kiwango cha elimu kinamhusu nani kama nataka kusoma kitabu cha ushonaji? Nikajifanya nimepigiwa simu nikatoka.

Na jambo la pili, mnafunga saa kumi na moja. Mimi naanika mzigo saa mbili asubuhi na kukunja saa kumi na mbili jioni. Mnatukaribisha saa ngapi?

---

mwl_nundu amejibu:

Nafundisha historia sekondari, sioni tangu utotoni. Nasema ya kwangu, asiyeona mwingine atasema yake.

Anza na mlinzi, maana ndiye maktaba. Nikifika sehemu nyingi mlinzi anamuuliza aliyenisindikiza, "Huyu anataka nini?" Na mimi nipo pale pale, nimevaa tai. Mwambie anisemeshe mimi, na aseme yeye ni nani, kwa sababu sauti tu hainiambii kama naongea na mlinzi au mteja. Akitaka kunisaidia asiushike mkono wenye fimbo, wala asinisukume mgongoni. Anipe kiwiko, nishike mimi, atangulie nusu hatua. Tukifika ngazi aseme "ngazi tatu, kupanda". Hiyo ni semina ya dakika kumi, haihitaji posho.

Kompyuta unayo? Hata kuukuu, ilimradi ina Windows. Pakua NVDA. Ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, ni ya bure, na aliianzisha mwaka 2006 kijana wa Australia, Michael Curran, akaungana naye mwenzake James Teh, na wote wawili hawaoni. Inakuja na sauti ya eSpeak inayojua Kiswahili. Inasoma kama roboti mwenye mafua, lakini sikio likishazoea unaiongezea kasi mpaka jirani yako hashiki neno. Ukishaisakinisha, Ctrl na Alt na N kwa pamoja inawaka. Zaidi ya hapo usijisumbue kukariri, anayeitumia ndiye atakufundisha wewe. Nunua hedifoni. Na nakuomba sana hiyo mashine usiiweke stoo ukabandika "chumba maalumu". Nimeshakaa kwenye vyumba maalumu vingi, vyote vina mifagio.

Vitabu vya nukta nundu, yaani maandishi ya kusoma kwa vidole, usikimbilie. Karatasi zake ni nene, nundu zinakula nafasi, kitabu kimoja cha kiada kinaweza kugeuka majuzuu kadhaa. Utajaza rafu nzima kwa kitabu ambacho pengine hakuna anayekihitaji mjini kwako. Ulizia kwanza nani anasoma nukta nundu. Waliopoteza uoni ukubwani wengi hawakujifunza, hao watapenda kusikiliza. Kuhusu hakimiliki, upo Mkataba wa Marrakesh wa 2013. Kenya iliingia 2017, Tanzania 2020. Unazitaka nchi wanachama ziruhusu kutengeneza nakala zinazosomeka na sisi bila kumfukuzia kila mchapishaji ruhusa. Kabla hujaanza kuskani pita Ofisi ya Hakimiliki wakueleze utaratibu wa hapa.

---

afisa_jamii_kata amejibu:

Naongeza wazo. Kuna kitu kinaitwa Maktaba ya Watu, kilianzia Denmark mwaka 2000 na sasa kimesambaa nchi nyingi. Badala ya kuazima kitabu, unaazima mtu kwa nusu saa, unakaa naye, unamuuliza yale ambayo barabarani usingethubutu. Mkimbizi, mfungwa aliyemaliza kifungo, kiziwi, mtu wa dini usiyoijua. Kwa mji wenye mchanganyiko kama wako ingefaa sana. Mwalimu hapo juu angekuwa wa kwanza kualikwa!

---

mwl_nundu:

Ahsante afisa, ila mwalimu hapo juu anaomba udhuru. Mimi nimekuwa kitabu maisha yangu yote: kwenye daladala, hospitali, harusini. "Mwalimu, unajuaje hii ni elfu tano?" "Mwalimu, ndoto unaziona?" Najibu, tena kwa heshima. Lakini nikipanda ngazi za maktaba niacheni niwe msomaji.

Mkiamua kufanya, awe mtu aliyejitolea mwenyewe, na asiwe tu yule mnayemwona wa ajabu. Muazimeni mwenyekiti wa mtaa. Muazimeni tajiri wa mabasi. Hao nao hatuwaelewi.

---

mkutubi_wa_mkongeni:

Nimecheka mpaka mlinzi kaja kuchungulia.

Lakini mmenipa kitu. Tuna bibi mmoja kwenye kambi ya zamani ya shamba la mkonge, baba yake alitoka Kigoma na kipande chake, ile kadi ya manamba iliyotiwa alama kila siku ya kazi. Bibi anapenda kuongea kuliko kula. Na watoto wa shule mjini hapa hawajui kwa nini wenzao fulani wana majina ya Kiha. Huyo si wa kuazimwa, huyo tutamwalika kama tunavyomwalika mgeni rasmi, kiti cha mbele na soda. Akikubali tutamrekodi, na rekodi itaingia kwenye katalogi.

Mitumba, umenichoma kweli kweli. Nimekwenda kulitazama daftari. Ni hivyo hivyo ulivyosema, safu kwa safu. Takwimu ninazotakiwa kupeleka ni idadi, jinsia na mtoto au mtu mzima, basi. Hizo safu nyingine sijui nani alizianzisha. Kesho napiga mistari upya.

---

mama_wa_kofia_pana amejibu:

Mimi nimekwama kwenye ubao wako: VUA KOFIA.

Mwanangu ana ualbino, yuko darasa la tano, anapenda vitabu vya wanyama. Kofia yake pana haitoki kichwani, na siyo kwa ajili ya jua la nje tu. Mwanga ukimpiga usoni hata ndani ya nyumba hasomi kitu, macho yanakuwa yanacheza na kufumba. Ukingo wa kofia ndio unaomkinga. Kuna maktaba tulikwenda, mlinzi akamwambia avue kama wenzake. Akavua, ni mtoto mtiifu. Nafasi iliyobaki ilikuwa dirishani, jua la alasiri linaingia moja kwa moja mezani. Nikamwona pua imegusa karatasi. Mhudumu akapita akamwambia, "Kaa vizuri, utaharibu macho." Yaani anasoma karibu kwa sababu uoni wake ni hafifu, ndiyo njia yake ya kuona! Hatukukaa sana akalalamika kichwa, tukaondoka, na mpaka leo ukimtajia maktaba anasema ana homuweki.

Wewe umesema madirisha yako yako magharibi. Kwa hiyo saa tisa huko ndani ni kama kule tulikokwenda. Weka pazia zito, rangi ya kaki au bluu nzito. Tenga meza moja ukuta wa ndani, mtu akikaa mwanga utokee nyuma ya bega lake. Kioo cha kukuzia, kile cha mkononi, kikae kaunta na watu waambiwe kipo. Hata wazee waliosahau miwani watakiazima. Matangazo yako usiyaandike kwa herufi za katuni kwenye karatasi inayong'aa.

Na watoto wengine. Siku ile wawili walimsogelea wakawa wanamgusa mkono. Mhudumu akawakemea, "Mwacheni, ni mgonjwa." Hilo liliniuma kuliko kofia. Mwanangu haumwi. Mwili wake hautengenezi rangi ya kutosha, kwenye ngozi, nywele na macho, basi, kazaliwa hivyo. Haiambukizi. Karithi kwangu na kwa baba yake, sote wawili, na sisi ni weusi tititi. Mtoto wa miaka sita anaelewa maneno hayo ukimwambia kwa upole, tena akishaelewa anahamia kuuliza habari za simba. Wafundishe wahudumu wako sentensi hizo kabla ya kununua chochote.

---

mstaafu_mvita amejibu:

Salaam kutoka Mombasa. Nimefanya kazi ya ukutubi tangu ujana mpaka kustaafu, na nimefurahi kuona vijana wanauliza maswali haya. Wenzangu wamemaliza habari za mlango, mimi niruhusuni niende rafuni, kwa maana mtu aweza kupita mlangoni salama akafukuzwa na rafu.

Bila shaka mwatumia Dewey, ule mpango wa kupanga vitabu rafuni kwa nambari za mada, kama sisi sote. Haya, simama mbele ya 200, dini. Kuanzia 220 hadi 289 ni Biblia na Ukristo: Biblia yenyewe, teolojia, ibada, historia ya kanisa, madhehebu moja moja. Dini nyingine zote za ulimwengu zimefinywa katika 290, na Uislamu wote, Qurani, hadithi, fiqhi, tasawwuf, umo ndani ya 297 na nukta zake. Sasa wewe uko Tanga. Mzee atokaye msikitini aingia, akuta rafu sita zimepambwa vibao, na kitabu chake kiko chini kabisa kwenye kona, nambari yake ndefu haitoshi kwenye mgongo wa kitabu. Hakuna aliyemtukana. Lakini ameelewa.

Lugha vivyo hivyo. Fasihi ya Kiingereza ina 820 yake, Kijerumani 830, Kifaransa 840. Fasihi za lugha za Afrika, zote kwa jumla, ni 896, na Kiswahili chetu ni 896.392. Bwana Melvil Dewey alipotoa mpango wake mwaka 1876 alipanga ulimwengu kwa jinsi alivyouona kutoka kwenye meza yake, na aliuona kwa upande. Mwaka 1905 ilimbidi ajiuzulu ukutubi mkuu wa jimbo la New York baada ya Wayahudi kushtaki kwamba klabu yake haiwapokei, na mwaka 2019 chama cha wakutubi wa Marekani kiliondoa jina lake kwenye nishani yao.

Simwambii mtu abadilishe nambari. Ukianza kujitungia nambari, atakayekurithi atalia. Nilichofanya mimi ni kuhamisha rafu, si nambari. Kiswahili nilikitoa kwenye mkia nikakiweka mkabala na mlango, ushairi mbele, kibao kikubwa cha mkono. 297 nikaipandisha usawa wa macho, nikaipa rafu yake pana. Vibao nikaviandika kwa maneno ya watu: Kilimo na Mifugo, Afya ya Mama na Mtoto, Ufundi, Dini, Hadithi. "Sayansi Tumizi" haina mteja. Kazi hiyo yataka wikendi moja na vijana wenye mgongo. Baadaye wazee wakaanza kuja kwa ajili ya tenzi, na kubishana. Ndiyo, walikuwa na kelele. Niliwapa baraza ya nje.

Nairobi, Maktaba ya McMillan ilifunguliwa mwaka 1931 kwa Wazungu peke yao. Mwafrika aliweza kufagia, si kusoma. Leo matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamekarabatiwa na Book Bunk, shirika la kina dada wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Ukipata nafasi uende ukaone. Na kwa huyo dada wa mitumba: huku kwetu maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa mwaka 1996, kwa kuwa mfugaji anayehama hawezi kuja mjini kukaa kitini. Wewe mkutubi, soko liko mita chache. Huhitaji ngamia, wahitaji toroli.

---

fundi_sakafu amejibu:

Naona wote mnazunguka ngazi, mimi ndiyo kazi yangu.

Ngazi tatu, tuseme kila moja sentimita 15, jumla 45. Kipimo cha rampu kinachokubalika ni moja kwa kumi na mbili: ukipanda sentimita moja unakwenda 12. Kwa hiyo rampu yako ni mita 5 na sentimita 40. Ukimwita fundi wa mtaani atakupigia ya mita mbili ili amalize siku hiyo hiyo. Rampu nyingi mnazoziona kwenye majengo ya umma ni za kupigia picha, mtu wa kiti mwendo akiipanda peke yake anarudi kinyumenyume. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka majengo ya umma yafikike, lakini sheria haishiki mwiko wala timazi.

Kama mbele hakuna urefu huo, ilaze ubavuni mwa ukuta na iingilie pembeni. Upana mita 1.2. Pande zote mbili acha kingo fupi ili tairi lisichomoke. Juu, mbele ya mlango, acha bapa la mita moja na nusu, maana mtu hawezi kufungua mlango huku anashikilia breki. Kabla saruji haijakauka ipitishe ufagio mgumu ipate mikwaruzo, vinginevyo mvua ya masika itakuletea kesi. Kifusi cha kujazia omba kwenye jengo linalobomolewa, ndipo pesa nyingi inapookolewa. Laki nane ukibana inaweza kutosha kama mawe hununui.

Halafu pima mlango. Baiskeli ya mikono ni pana kuliko kiti mwendo. Muulize huyo bwana wa gazeti mwenyewe anavyotaka: kuingia nayo, au kuiacha kivulini na kuhamia kiti mwendo cha maktaba. Usimpangie.

---

mkutubi_wa_mkongeni:

Nimemuuliza. Anataka kuingia nayo, kwa sababu akiiacha nje watoto wanaichezea. Mlango una sentimita 84, baiskeli tumeipima 79. Inapita kwa kupangusa fremu. Fundi, nakuandikia pembeni kuhusu hicho kifusi.

Mengine: ubao wa makatazo nimeushusha. Mkubwa wangu hakufurahi, anasema bila ubao watu watakula mihogo juu ya vitabu. Tumeafikiana kubakiza moja, la chakula, na nimeliandika "Chakula tunakula barazani". Kofia imekufa. Daftari lina safu tatu. Jumanne na Alhamisi asubuhi ni zamu ya watoto na wazazi, kelele ruksa, na kuanzia saa nane kimya cha pcb kinarudi kama kilivyokuwa. Kufungua jioni bado, mlinzi hana malipo ya ziada na siwezi kumwomba afanye bure. Kwa sasa msaidizi atakwenda sokoni Jumatano na sanduku la vitabu na daftari la kuazimia. Mitumba, ungekuwa wewe ungeweka vitabu gani kwenye sanduku?

Lililobaki ni viziwi. Kitengo kipo hatua chache kutoka kwetu, mwalimu wao yuko tayari kuwaleta Jumanne, na mimi alama ninazojua ni salamu tu. Nasimuliaje hadithi?

---

mitumba_grade_one:

Ushonaji na mishono mipya yenye picha. Mapishi. Kitabu cha mikopo na riba kilichoandikwa kwa Kiswahili cha kueleweka. Magonjwa ya watoto. Na riwaya za mapenzi, usizione haya, mchana soko likipoa ndizo zitakazotoka.

---

mkalimani_wa_alama amejibu:

Hadithi hausimulii wewe, anasimulia kiziwi. Kitengo hakikosi kijana wa darasa la saba anayewatambia wenzake hadithi. Mpe kitabu wiki moja kabla, mwalimu amsaidie maneno magumu, siku hiyo asimulie kwa Lugha ya Alama na wewe ndiye uwe mtafsiri wa sauti kwa watoto wanaosikia, ukisoma kitabu kile kile. Watoto wanaosikia ndio watakuwa wageni siku hiyo, na watafurahi. Wakae nusu duara, wasipangwe mistari, kila mmoja aone mikono na uso.

Wewe mwenyewe ukiongea na mtoto kiziwi usigeuke kuangalia rafu katikati ya sentensi, na usipaze sauti. Picha kwenye vibao vya rafu zitawasaidia wao na wasiojua kusoma pia.

Kitu cha kuangalia ni mwanga. Anayesimulia asisimame akilipa mgongo dirisha, wataona kivuli tu. Na hayo mapazia mazito ya mama wa kofia yakifungwa yote, watoto wangu watakuwa gizani.

---

mama_wa_kofia_pana:

Yafungwe upande wa meza za kusomea tu. Na magharibi asubuhi hakuna jua, dada, Jumanne yafungue yote.

---

mkutubi_wa_mkongeni:

Nimeelewa. Kona ya hadithi inahamia ukuta wa mashariki, msimulizi atazame madirisha, na mapazia yawe ya kuvuta, vipande viwili viwili. Nakwenda kupima vitambaa.